Mfumo wangu wa kutambua magonjwa ya mikorosho unaona ubwiri unga kila mti. Kasoro iko wapi?

#1 KanuniZaNewala
Wakuu habari za humu. Najenga kiprogramu kidogo cha kutambua magonjwa na wadudu wa mikorosho, kwa ajili ya vijana wa AMCOS yetu (chama cha ushirika cha wakulima) huku Newala. Wakulima wanawafuata kila siku: mti wangu una nini, ninunue dawa gani. Sijagusa mambo ya akili mnemba ya kusoma picha. Hizi ni kanuni tupu za KAMA na BASI, kama arobaini hivi, nimeziandika kwa Python, zinakaa kwenye simu ya bei ndogo na hazihitaji bando. Programu inauliza, mtu anajibu ndiyo au hapana, mwisho inataja tatizo.

Baadhi ni hizi:

KAMA kuna unga mweupe NA upo kwenye majani machanga au maua BASI ubwiri unga
KAMA machipukizi yamekauka NA yana vidonda vyeusi BASI mbu wa mikorosho
KAMA majani yana madoa ya kahawia NA korosho changa zimekuwa nyeusi BASI blaiti
KAMA majani ya tawi yamegeuka njano kisha tawi likakauka NA ndani ya mti kuna michirizi ya kahawia BASI mnyauko fusari

Kwenye kompyuta kila kitu kinakubali. Shambani ni vituko, karibu kila mti unaambiwa una ubwiri unga. Bwana shamba kapita nyuma ya vijana kwenye mashamba yaleyale, miti mingi kaiandika mbu. Tatizo ni kanuni, maswali, au anayejibu? Sitaki mtu anunue mfuko wa salfa, dawa ya ukungu wa ubwiri, kwa ajili ya mdudu kama mbu.

#2 MtotoWaMchinga
Hiyo Python yenyewe umeshaipulizia mkuu? Isije ikawa ndiyo yenye ubwiri.

#3 Chuma_Masasi
Sijaona kodi (code) yote ya programu, ila nijibu hili: injini yako inasimama kwenye kanuni ya kwanza inayokubali au inazipitia zote? Kama inasimama, na ubwiri umeuweka juu kabisa kama ulivyoorodhesha hapa, jibu unalo. Mti wenye unga kidogo na mbu wa kutosha utaitwa ubwiri kwa sababu ndiyo ulioandikwa mwanzo. Geuza mpangilio, mbu awe juu, halafu utatuletea uzi mwingine wa "mfumo wangu unaona mbu kila mti".

Zipitie zote, kusanya zilizokubali, kisha ipe kipaumbele yenye masharti mengi zaidi. CLIPS, ile programu ya NASA ya kuendeshea kanuni, ya katikati ya miaka ya 1980, inakuruhusu kuchagua utaratibu kama huo. Wewe umeandika kwa mkono, kwa hiyo lazima uuamue mwenyewe. Usipoamua, mpangilio wa mistari unakuamulia.

#4 Mdau_Salfa
Mie kompyuta siijui, najua mashine ya mgongoni. Swali la "kuna unga mweupe?" nani kakutungia?

Vijana wako walipita shambani lini? Kama walipita nyuma yetu tukishapuliza, mti mzima una unga. Sie tunapuliza alfajiri, umande upo na upepo haujaamka, ili salfa ishike. Inaganda juu ya jani, ina umanjano uliopauka, na jua likishaipiga, mtu wa mbali anaona weupe tu. Mwulize kuna unga, atasema ndiyo na hajakudanganya.

Namna ya kutofautisha: salfa imetua juu ya jani lolote, kongwe na changa, zaidi upande ule mashine ilikotazama. Ubwiri unachagua ulaini. Utaukuta kwenye jani ambalo bado jekundujekundu, kwenye kikonyo cha ua, kwenye kibibo kidogo. Jani lililokwishakomaa likawa gumu haliushughulishi. Pangusa kwa kidole halafu unuse. Salfa itajitambulisha yenyewe.

#5 KanuniZaNewala
@Chuma_Masasi inasimama kwenye ya kwanza, ndiyo. Majibu ya shambani nimeyahifadhi, kwa hiyo nimegeuza mpangilio jioni hii na kuyapitisha upya. Baadhi ya miti imehamia kwa mbu, ila mingi bado imeng'ang'ania ubwiri. Mpangilio unahusika lakini haumalizi kesi.

@Mdau_Salfa shukrani kaka. Kuna mashamba yalipitiwa wiki ya kupuliza kweli. Nitayatenga nione.

#6 Prologi_Usiku
Hamjauliza jambo moja. Mtu asipojua jibu anabonyeza nini?

Ukiwa na ndiyo na hapana pekee, "sijaangalia" inageuka "hapana". Kijana anaulizwa kama machipukizi yana vidonda vyeusi. Machipukizi yako juu, mti mrefu, hajapanda, jua kali. Anabonyeza hapana. Kanuni ya mbu imekufa hapo hapo, na ubwiri unabaki peke yake uwanjani, maana unga unaonekana hata ukiwa umesimama njiani.

Sisi wa Prolog, lugha ya kompyuta, tunalijua hili vizuri. Lugha yenyewe, iliyoanzia Marseille, Ufaransa, mwaka 1972, inachukulia kuwa kisichothibitika si kweli. Ni sawa kwa orodha ya mabasi ya Mtwara kwenda Dar: kama basi halimo, halipo. Kwa mti mgonjwa haifai. Weka majibu matatu, ndiyo, hapana, sijui. Sijui zikizidi, mfumo ukatae kutoa jibu, umwambie arudi akaangalie.

#7 MtotoWaMchinga
Mfumo unaomwambia Mmakonde apande tena mti saa saba mchana! Mtarudishiwa simu ikiwa vipande viwili.

#8 AfisaUgani_Mstaafu
Vijana nawasalimu. Nimetumikia Tandahimba na Nachingwea kabla ya kustaafu, mniruhusu.

Mnabishania mashine wakati kanuni zenyewe hazina kalenda. Mti wa Kusini una majira yake. Mvua zikishakatika, kipupwe kinaingia, mti unatoa majani mapya na maua kuanzia kama Juni hadi Septemba. Ndipo ubwiri unapostawi, usiku wa baridi na umande. Blaiti na chule, magonjwa mengine ya ukungu, zinapenda unyevu wa mvua. Mtu akikuletea maua yaliyokuwa meusi mwezi Julai na mwingine akakuletea ya namna hiyo mvua ikinyesha, dalili inafanana lakini mshukiwa wa kwanza hafanani. Mwezi unasomeka kwenye simu yenyewe, huna haja ya kumwuliza mtu.

La pili nalisisitiza zaidi. Mnadhani mti una ugonjwa mmoja. Mbu anafyonza chipukizi na ubwiri unakaa kwenye chipukizi, kwa kuwa wote wawili wanataka kilicho kichanga. Nimeona vikonyo vyenye unga na vidonda kwa pamoja mara nyingi tu. Bwana shamba wako akiandika mbu na simu ikaandika ubwiri, inawezekana wote wawili wamesema kweli, kila mmoja nusu. Bwana shamba anaandika kile anachoona kinaharibu zaidi wiki hiyo.

#9 Bi_Nanyamba
Mmesahau kumwangalia anayejibu.

Wajukuu zangu, mie nina mikorosho tangu marehemu mume wangu yu hai. Kijana wa AMCOS akija na simu shambani kwangu kuniuliza kama mti una unga, mie nawaza pembejeo. Kila mwaka mjadala ni salfa: imefika, haijafika, nani kaandikiwa mifuko mingapi. Nikisema hakuna unga, si nitakatwa? Kumwuliza mkulima wa korosho kama ana ubwiri msimu wa mgao ni kumwuliza mwenye njaa kama atakula. Huyo dogo hata akipanga kanuni zake kwa dhahabu, jibu litakuwa ndiyo.

Asiulize mtu. Amwambie kijana aangalie mwenyewe, achume jani, alilete.

#10 KanuniZaNewala
Shikamoo bibi. Hili limenikalisha chini.

#11 AfisaUgani_Mstaafu
Bi Nanyamba ana hoja, japo si wote. Nimewahi kukuta kinyume chake, wakulima wanaoficha mti uliokauka wakiogopa wataambiwa waung'oe.

#12 Ruangwa_Digitali
Ndiyo na hapana zimepitwa na wakati wadau. Tumia uzito wa uhakika kama MYCIN, mfumo wa Stanford wa miaka ya 1970 uliokuwa ukitambua maambukizi ya bakteria kwenye damu. Kanuni kama 600, na kila moja ina namba yake ya uhakika. Ulitumika hospitali zote za Marekani ukawashinda madaktari.

Kwa hapa: unga mweupe kwenye jani changa, uhakika wa ubwiri 0.6. Maua yamekauka bila kufunguka, 0.5. Unajumlisha, mti unapata 1.1, ubwiri umepita.

#13 Prologi_Usiku
Mkuu, hapo marekebisho mawili.

MYCIN haikuwahi kuwa kifaa cha kila siku wodini. Kwenye majaribio mapendekezo yake yalikadiriwa kuwa mazuri sawa na ya madaktari wa Stanford au kuyapita, hilo ni kweli. Lakini haikutoka maabara: kulikuwa na maswali ya nani atawajibika ikikosea, na kukaa kwenye kompyuta za zama zile kujibu maswali kulikula muda wa daktari.

Pili, uhakika wa 1.1 umetoka wapi? Kwenye utaratibu wa Shortliffe, aliyeitengeneza MYCIN, ushahidi wa pili unakula sehemu ya shaka iliyobaki. Una 0.6, shaka iliyobaki ni 0.4, nusu yake ni 0.2, jumla 0.8. Hata uwe na ushahidi kumi wa namna hiyo, hutavuka 1, ambayo ni uhakika kamili.

Cha kuiga zaidi kutoka MYCIN ni kitu kingine: mtumiaji aliweza kuuliza KWA NINI, na mfumo ukamwonyesha kanuni unayoifanyia kazi. Bwana shamba angekuwa na kitufe hicho, angekwambia palepale kanuni ipi imepotoka, na uzi huu usingekuwepo.

#14 Ruangwa_Digitali
Sawa nimekubali hesabu. Uzito nautetea bado.

#15 Chuma_Masasi
Uzito nani ataupanga? Hiyo 0.6 umeitoa kichwani. Mwingine atasema 0.7. Mwisho una namba nzuri za kubuni zinazoficha kwamba hujui. Mimi bora kanuni kali yenye masharti manne kuliko namba za kukisia. Kanuni ikikosea, naiona kwa macho. Namba ikikosea, utaisikiaje?

#16 Liwale_Kwetu
Kuna njia ya tatu na ina historia. Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, Michalski na mwenzake walifanya hivi kwa magonjwa 15 ya soya, wakachapisha 1980. Seti moja ya kanuni walimhoji bingwa wa magonjwa ya mimea akawaeleza anavyotambua. Seti nyingine kompyuta ilizitoa yenyewe kwenye mifano ya mimea iliyokwishatambuliwa. Walipojaribu kwenye mimea mingine, za kompyuta zilipatia karibu 98 katika 100, za bingwa karibu 72.

Bingwa hakuwa mjinga. Anajua kutambua, ila kueleza anavyotambua ni kazi nyingine. Kwa hiyo mleta uzi, achana na kututungisha kanuni humu. Kusanya miti ambayo bwana shamba ameshaiandika, majibu ya kila swali pembeni, na kompyuta itafute kanuni.

#17 AfisaUgani_Mstaafu
Na bwana shamba akiwa ndiye aliyekosea kwenye hiyo miti, kompyuta itajifunza makosa yake kwa uaminifu mkubwa. Ndugu yangu, soya ya Illinois ilitambuliwa na wataalamu wa magonjwa. Hapa tunazungumzia mtu mmoja wa kata, pikipiki haina mafuta, anaangalia mti kutoka barabarani. Kwanza apeleke sampuli Naliendele, ndiko utafiti wa korosho uliko. Akishakuwa na miti ambayo maabara imethibitisha, hata michache, ndipo mzungumze habari za kanuni kutoka kwenye mifano.

#18 Ghala_Namba_Tatu
Mie niko upande wa ghalani, tunapanga madaraja. Kazi yetu nayo ni ya kanuni, na ugomvi wetu ni mdogo kuliko wenu kwa sababu tunapima. Kipima unyevu kinatoa namba. Tunakata korosho za sampuli, tunapima kiini, tunajua gunia la kilo 80 litatoa ratili ngapi za kiini. Mkulima anaweza kununa, lakini namba anaiona.

Kuna ushahidi mnautupa. Korosho yenyewe inabeba alama. Ikifyonzwa ikiwa changa inafika ghalani na vibonyeo vyeusi vilivyodidimia, na ndani kiini kina doa. Ukiona hizo nyingi kutoka kwa mkulima mmoja, shamba lake lilikuwa na wafyonzaji hata kama alipulizia salfa msimu mzima. Uweke swali la korosho za mwaka uliopita. Hilo halina mambo ya kupanda mti mchana.

#19 Mdau_Salfa
Hapo ghala umenena, ila vibonyeo hivyo si lazima awe mbu. Kunguni wa minazi naye anafanya hivyo, na huku pwani minazi na mikorosho imechanganyikana.

Halafu ongezeni swali la maji moto, sisimizi wale wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Mti wenye maji moto wengi, mbu na kunguni hawapati raha. Tatizo sisi wapulizaji tunawachukia maana wanatushukia shingoni, tunawaua kwanza. Mti una viota vitano vya maji moto na simu inasema mbu? Mie ningeishuku simu.

#20 MtotoWaMchinga
Kwa hiyo tiba ni kung'atwa. Haya. Mwenye ming'oko ya kuchemsha atuletee, uzi huu unaelekea usiku wa manane.

#21 Liwale_Kwetu
Tukiwa hapo hapo kwenye ubwiri, si ndio ulioiua korosho ya Kusini miaka ya tisini?

#22 Bi_Nanyamba
Tisini? Korosho ilikwishakufa kabla wewe hujazaliwa, mwanangu. Tulihamishwa kwenda vijiji vya ujamaa, mikorosho ikabaki porini kule tulikotoka, nyasi zikaimeza na moto ukapita. Nani angetembea mpaka kule kupalilia, na bei yenyewe ile?

#23 AfisaUgani_Mstaafu
Takwimu zinamuunga mkono bibi kwa wakati. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna kama tani 145,000. Ilipofika 1986/87 tulikuwa tumeshuka hadi zaidi kidogo ya tani 16,000. Ubwiri unga ulitambuliwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo ulikuta mazao yameshaanza kushuka. Mimi hata hivyo siupunguzii mzigo: mashamba yaliyokuwa yakihudumiwa vizuri nayo yaliangushwa, na salfa ilipoingia yakainuka. Wachumi watakwambia bei. Wazee watakwambia vijiji. Sisi wa mimea tunasema ubwiri.

#24 Chuma_Masasi
Nchi nzima iliugua na bado hatujakubaliana chanzo, halafu tunamdai dogo apatie mti mmoja mmoja kwa kanuni arobaini.

#25 Prologi_Usiku
Nirudi kwenye kodi. Kuna kanuni moja kati ya zile nne za juu haifai kukaa foleni moja na wenzake. Mnyauko fusari. Ukikosea kati ya ubwiri na mbu, umepoteza pesa ya dawa na sehemu ya mavuno. Fusari inakaa kwenye udongo, salfa haiigusi, na ukiihamisha kwa jembe umeupa mti wa jirani. Kwa nchi yetu ilionekana kwanza Mkuranga, Pwani, mwaka 2012, na wenye mikorosho wote wana sababu ya kuiogopa. Swali lake liulizwe kwanza, na sharti liwe legevu: dalili yoyote ya tawi kugeuka njano peke yake, simu iseme mwite mtaalamu. Afadhali imwite bure mara nyingi.

#26 Chuma_Masasi
Napinga. Ukimwita mtaalamu bure mara nyingi, mara ya kweli haji. Tawi linageuka njano kwa mambo mengi: dudu linalotoboa shina, moto wa nyasi, mtu kachimba mizizi akitafuta dawa. Kanuni ya fusari iendelee kudai michirizi ya kahawia ndani.

#27 Prologi_Usiku
Na kijana asiyekata tawi ataionaje michirizi? Tumerudi kwenye hapana za uongo.

#28 KanuniZaNewala
Asanteni wote, nimepata kazi ya mwezi. Nimeongeza "sijui", mwezi unasomwa kwenye simu, na kanuni zote zinapitiwa, zinaweza kutoa majibu mawili kwa mti mmoja. Swali la unga nimeligawa: upo kwenye majani makongwe pia? Shamba limepulizwa siku za karibuni? Uzito sijaweka, sijaona nitautoa wapi. La fusari sijaamua.

Matokeo ya haraka kwenye majibu ya zamani: nikiondoa mashamba yaliyopulizwa, ubwiri unapungua, ila bado uko juu ya bwana shamba. Ama bibi ana haki na watu wanasema unga kwa sababu ya mgao, ama mzee wetu ana haki na miti ina vyote viwili. Majibu niliyonayo hayawezi kunitofautishia.

#29 Ruangwa_Digitali
Ungekuwa na uzito ungeona.

#30 Nanguruwe_Shamba
Habari zenu, nimesoma kimyakimya tangu juu. Nina mti mmoja niuweke hapa muujaribu. Upande wa barabara machipukizi yamekauka, yana vidonda vyeusi. Upande wa ndani maua yana unga na hatujapuliza kabisa mwaka huu. Maji moto wapo, viota viwili. Halafu tawi moja la chini limegeuka njano peke yake, mengine ya kijani. Kanuni zenu zinasemaje?

#31 MtotoWaMchinga
Zinasema uza shamba.

#32 AfisaUgani_Mstaafu
Acha utani. Ndugu, hayo mengine yasubiri. Likate hilo tawi la njano karibu na shina, uangalie ndani ya mti pale ulipokata. Kuna michirizi ya kahawia au kweupe? Na shinani kuna vumbi la mbao au utomvu unaotoka kwenye tundu? Panga ulisafishe hukohuko kabla hujagusa mti mwingine.

#33 Nanguruwe_Shamba
Niko mjini Mtwara mzee wangu, shamba nitalifikia Jumamosi. Kwa sasa niandikieni sijui, zote mbili.